Hati Mbili za Chausiku

Mtaa wa Waswahili wa Rumonge, mwaka ule kodi ya nyumba ilipoingia, ulijaa wajane ghafla. Tena wajane gani! Wanono, wenye wanja machoni, na waume zao wako uani wanakula huku karani wa kodi barazani anaandika kwamba ni marehemu. Msicheke sana. Kodi ilikuwa rupia tatu kwa kila nyumba, na mwenye wake wawili ana nyumba mbili, kwa hiyo rupia sita, na Wadachi, yaani Wajerumani, wenyewe ndio waliotangaza kwamba mjane asiye na mume amesamehewa. Sasa wewe ungelipa? Kwingine watu walificha mbuzi. Waswahili wa Rumonge wakaficha ndoa.

Nasoro bin Amuri hakubaki nyuma. Alikuwa fundi wa mitumbwi, mtu wa maneno matamu na mkono wa birika, na alikuwa na wake wawili: Biasha, mke mkubwa, mama wa watoto wanne, wa kwanza akiitwa Maneno, na Chausiku, mke mdogo, ambaye Mungu hakuwa amempa mtoto. Karani alipofika, Nasoro alisimama mlangoni kwa Biasha akasema, "Nyumba hii ni yangu. Ile pale ni ya dada yangu, baba mmoja, mumewe kafia Uvira, maskini." Chausiku alikuwa ameshajitanda kaniki nyeusi, kichwa ameinamisha. Karani akamuuliza, "Ni kweli?" Akasema, "Ni kweli, bwana." Akaandikwa, akapewa cheti cha msamaha. Karani alipokunja kona tu, Biasha alicheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima akawa anamwita mke mwenzake "wifi", na Chausiku naye akawa anaitikia.

Wakati huo mambo yalikuwa mepesi.

Chausiku hakuwa mtu wa kukaa akingoja kuletewa. Alikodi michikichi upande wa mlimani, akawa anachemsha na kukamua mwenyewe, na mawese yake yalijulikana mpaka Minago kwa rangi yake na kwa kutokuwa na maji ndani. Basi Wazungu wa kampuni ya mawese walipojenga ghala ufukweni, wakasema wauzaji wao wakubwa wanaweza kununua hisa, yaani sehemu ya kampuni yenyewe, mali ya mtu kabisa. Wanawake wengine wa mtaani walikusanya fedha wakampa mwenye duka mmoja anunue kwa jina lake, kwa kuwa yeye alijua kusema na Wazungu. Chausiku alikataa. "Jina langu liandikwe lenyewe," alisema, "nisije nikatafuta mali yangu mfukoni mwa mtu." Wakamwona mjuaji. Akaenda ghalani na cheti chake cha msamaha, maana kampuni ilitaka karatasi yoyote yenye jina. Wakanakili yaliyoandikwa, akabonyeza dole gumba, akapewa cheti cha hisa, karatasi nene yenye mhuri. Vita vilipoanza mwenye duka akavuka ziwa na hisa za watu wote, na hakuonekana tena. Wanawake walilia. Chausiku hakuwasimanga, lakini siwezi kusema hakutembea kwa maringo kidogo.

Mwaka wa pili wa vita, Wadachi wakaanza kukamata watu wa kubeba mizigo. Kundi la kwanza lilitoka Rumonge na watu thelathini kwenda upande wa Kivu, na habari zilizorudi zilikuwa za kuhara damu, na njaa, na watu walioachwa njiani wakiwa bado wanapumua. Hao thelathini walirudi wanne. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi, askari walipozunguka pale wanapochongea mitumbwi na kuwafunga mafundi kamba za shingo wanne wanne, hakuna aliyeuliza wanapelekwa wapi. Nasoro alikuwa wa tatu kwenye kamba yake. Biasha aliwakimbilia na mtoto mgongoni akipiga kelele, akasukumwa na kitako cha bunduki. Kundi litaondoka Ijumaa alasiri, ndivyo ilivyosemwa, likishatimia watu arobaini na wawili.

Chausiku hakupiga kelele. Alikwenda kwa Mwalimu Feruzi, imamu wa msikiti, mzee mpole aliyewaoza yeye na Nasoro miaka sita nyuma.

"Mwalimu, hakuna njia?"

Feruzi alikuwa ameisoma amri iliyobandikwa ukutani kwa liwali. Akamweleza taratibu. Mawese yalikuwa yakitakiwa sana kwa mitambo ya meli na kwa taa na sabuni za jeshi, kwa hiyo bwana mkubwa wa Usumbura ameruhusu: mtu mwenye hisa katika kampuni, kwa jina lake mwenyewe na si kwa jina la mwingine, na kodi yake iko safi miaka miwili, aweza kutoa kwenye kamba mwanamume mmoja wa nyumba yake. Mume, au mwana, au ndugu wa baba mmoja. Ila cheti cha hisa hakitoshi. Zatakiwa hati mbili: moja ya kampuni, ya mwezi huu, inayosema hisa leo ni ya nani, na moja ya boma, iliyonakiliwa kutoka kitabu cha kodi. Zote mbili hutolewa Usumbura tu.

"Ninayo hisa," alisema Chausiku. "Mwalimu, ninayo!"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakwambia. Lakini Usumbura ni siku mbili na nusu kwa mguu, na mitumbwi yote wameichukua."

"Ijumaa nitakuwa hapa."

Akarudi nyumbani, akafunga cheti cha hisa tumboni kwa kitambaa, akamwachia Biasha debe la mawese auze. Biasha alimshika mikono miwili. Wake wenza wale hawakuwa maadui, lakini hawakuwa watu wa kushikana mikono pia. "Mama mdogo," alisema, "mrudishe baba watoto. Ukimrudisha mimi nitakuwa mtumishi wako, wallahi." Chausiku akamwambia aache maneno ya kufuru.

Alitembea. Hiyo ndiyo habari ya siku mbili na nusu, sina cha kuipamba. Minago alipita wanawake wakimenya mihogo, hakuna mwanamume hata mmoja barazani. Magara alikuta wanauza ndagala, dagaa wa ziwa, wakavu, akanunua kikonzi akala akitembea, na mama mmoja Mrundi akamwambia, "Amahoro, mama. Usumbura? Iko mbali bado," akampa maji bila kuulizwa. Viatu hakuwa navyo. Kufika Kabezi vidole viwili vilikuwa vimepasuka. Njia nzima alikuwa akijisemea Nasoro, Nasoro, na kuna mahali alikasirika naye kwa jambo la zamani la khanga aliyomnunulia Biasha peke yake, halafu akalia kwa kuona kwamba amekasirika na mtu aliyefungwa kamba. Alimpenda mumewe. Wengine mtaani walisema hamfai, mchoyo, lakini alimpenda, na huo ndio ukweli.

Jumanne adhuhuri akasimama mbele ya ofisi ya kampuni Usumbura. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, na ndani karani mmoja mtu wa Ujiji, Swedi jina lake, mwembamba, mwenye kikohozi. Alitazama ile miguu, akamvutia kiti.

"Hiki," alisema akikigeuzageuza cheti, "kinasema ulinunua. Hakisemi kama bado unayo. Watu huuza, watu huweka rehani."

"Ni yangu, bwana. Sijauza."

"Mimi nakuamini, bibi. Tuone kitabu nacho kinasemaje."

Akafungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole. Rumonge, Rumonge. Wanawake kumi na wanane wa Rumonge, akasema, wako wote ndani ya jina la mwenye duka, hana hata mmoja anayeweza kumwandikia hati. Wamekwisha kuja watatu, wakaketi palepale alipoketi Chausiku wakilia, naye atafanya nini? Kitabu hakiwajui. Kisha akageuza ukurasa. "Wewe huyu hapa. Peke yako, ukurasa wako mwenyewe."

Chausiku alihisi kifua kinapanuka. Miaka miwili ya kuitwa mjuaji, na leo ule ukaidi wake unakwenda kumtoa mtu kaburini.

Swedi akasoma kwa sauti. "Chausiku binti Amuri, mjane, wa Rumonge. Hisa moja. Haijauzwa, haina rehani."

"Binti nani?"

"Amuri. Si ndivyo? Walinakili kutoka cheti chako cha kodi."

Baba yake Chausiku aliitwa Mustafa. Amuri alikuwa baba yake Nasoro. Alijua mara moja ni nini kilichotokea, akajua pia kwamba hapa si mahali pa kukieleza. "Ndivyo, bwana." Akabonyeza dole gumba, Swedi akalilinganisha na lile la kitabuni kwa kioo, akatikisa kichwa kukubali, akaandika hati, akaipiga mhuri wa kampuni. Ilikuwa ni kweli tupu, hati ile, isipokuwa maneno matatu.

Usiombe ukalala na mawazo kama aliyolala nayo. Asubuhi ya Jumatano alikuwa wa kwanza mlangoni bomani, kwa karani wa kodi. Huyu aliitwa Kassimu, mtu mnene, mtulivu, mwenye kofia safi. Ndiye aliyekuwa akitunza kitabu cha kodi cha pwani yote ya ziwa tangu siku ya kwanza.

"Rumonge," alisema. "Nasoro bin Amuri, mke mmoja, Biasha. Nyumba moja, amelipa miaka miwili. Nyumba ya pili, Chausiku binti Amuri, dada yake, mjane. Amesamehewa miaka miwili." Akainua macho. "Umekuja kumtoa nani?"

"Bwana karani, huyo Nasoro, yeye..."

Kassimu aliinua mkono. "Ngoja, bibi. Kabla hujasema, nisikilize." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Nimetunza kitabu hiki tangu kianze. Rumonge pale ina wajane wengi kuliko Usumbura nzima. Mimi si mpumbavu, nami pia ni Mwislamu, nina wake. Lakini ukisema hapa, mbele yangu, kwamba kitabu kimedanganywa, itanibidi niandike. Nikiandika, kodi yako si safi tena. Hati ya kampuni haina kazi bila yangu, zinasomwa pamoja. Na huyo uliyemfuata atafungwa mnyororo kwa uongo, halafu mnyororo wenyewe ndio utakaobebeshwa mizigo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bwana."

"Sasa. Amri inasema mume, au mwana, au ndugu wa baba mmoja. Kitabu kinasema una ndugu wa baba mmoja. Umekuja kumtoa nani?"

Chausiku alimwangalia yule mtu mnene akatamani kumbusu mikono. "Kaka yangu," alisema. "Nimekuja kumtoa kaka yangu Nasoro."

"Haya. Ndivyo nitakavyoandika."

Na njia ya kurudi, jamani, haikuwa njia tena. Miguu ilikuwa inavuja damu lakini yeye hakuisikia. Hati mbili zilikuwa tumboni, zimekunjwa pamoja, na Kabezi alipoketi kupumzika kivulini alijikuta anacheka peke yake kama mwehu. Kaka yangu! Akafikiria jinsi Biasha atakavyocheka, jinsi atakavyomwita wifi tena mwezi mzima. Akafikiria Nasoro akioga, akila. Alimwomba Mungu msamaha kwa ule uongo, akaahidi kufunga siku tatu, akaona Mungu hawezi kukataa, kwani nani ameumia?

Ijumaa, sala ya adhuhuri imekwisha, akaingia kambini.

Kambi ilikuwa kwenye uwanja wa ghala, karibu na maji. Wale watu arobaini na wawili walikuwa wamekaa juani mbele ya mizigo yao. Aliyewasimamia alikuwa shaushi mmoja, yaani sajini wa askari, aliyeletwa wiki ileile kutoka Usumbura, Alimasi, mtu wa makamo, mrefu, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa kupiga ovyo. Alikuwa anajua kusoma. Alizichukua zile hati akazisoma taratibu, ya kampuni kwanza, kisha ya boma, kisha akarudi ile ya kampuni.

"Hisa kwa jina lako mwenyewe," alisema. "Si kwa jina la mtu."

"Ndiyo, bwana shaushi."

"Na mume huna."

Chausiku alisita, kidogo tu. "Sina, bwana."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili na zaidi. Kafia Uvira."

"Innaa lillahi," alisema Alimasi, kwa adabu. Akamtazama tena, safari hii polepole, kuanzia kichwani. "Mwanamke ametembea mpaka Usumbura na kurudi kwa ajili ya kaka yake. Mimi sina wa kunifanyia hivyo." Akazikunja hati akazitia mfukoni. "Sikiliza, bibi. Hati zako safi. Lakini bwana mkubwa yuko mbali, na anayefungua kamba hapa ni mimi. Nikimfungua mmoja sharti nimtafute mwingine kabla ya alasiri. Ni kazi, na nitaifanya. Lakini nitaifanya kwa shemeji yangu. Mimi Mwislamu, sitaki haramu. Kaka yako yupo, ndiye walii wako. Akuoze kwangu sasa hivi, tena kwa heshima, nami nitamfungua mwenyewe kwa mkono wangu. Vita vikiisha nitakaa hapa. Nimechoka kuhamahama, na wewe una mali yenye mizizi."

Akamtuma askari akamwite imamu.

Walimleta Nasoro, kamba bado shingoni, wakamwacha aseme na dada yake hatua chache pembeni. Siku sita zilikuwa zimemkausha. Midomo ilikuwa imepasuka. Chausiku alimweleza kwa maneno machache, haraka, akiona aibu kama kwamba yeye ndiye aliyelitaka jambo lile, akangoja amwone akikasirika. Angekasirika tu, ingemtosha.

Nasoro alitazama mizigo. "Jeshi humhamisha mtu kila mwezi," alisema. "Huyu hatakaa. Tuseme tu, Chausiku. Ni maneno. Hata ile siku ya kodi yalikuwa maneno."

"Na leo usiku, Baba Maneno?"

Nasoro akaigeuza kamba shingoni.

"Nakuuliza. Leo usiku nitalala wapi?"

"Usiniulize hivyo."

"Nikuulize vipi?"

"Nina watoto wanne!" alisema, na sauti ikampasuka. "Wanne, Chausiku. Wewe huna hata mmoja. Wewe utaishi. Mimi nikivuka mlima ule nimekufa, unajua kwamba nimekufa. Umetembea siku tano kwa mguu kwa ajili yangu halafu uniache nife kwa ajili ya neno?"

Na alikuwa na haki, mnaona? Hilo ndilo lililomuumiza Chausiku kuliko yote. Alitafuta mahali alipokosea Nasoro katika yale maneno asipaone, na bado kila neno lilimchoma. Wewe huna hata mmoja. Miaka sita hakuwahi kumwambia hivyo.

Mwalimu Feruzi alifika akitweta, fimbo mkononi. Alipoelezwa alichoitiwa, uso ulimwisha damu. Alimtazama Nasoro, akamtazama Chausiku, watu aliowafunga ndoa kwa mikono yake mwenyewe, akala biriani yao ya harusi. Askari wawili walikuwa wamesimama nyuma yake kuwa mashahidi, bunduki begani. Msimlaumu haraka. Akisema ukweli, Nasoro anakwenda; asiposema, anaoza mke wa mtu.

"Haya, Mwalimu," alisema Alimasi. "Jua linakwenda."

Wakaketi juu ya mkeka. Feruzi akasoma hotuba ya ndoa kwa sauti ndogo, akikosea, akirudia, akivuta muda. Kisha ikabidi amgeukie walii.

"Na mahari?" aliuliza Nasoro.

Chausiku alidhani hakusikia vizuri. Labda aliuliza ili lionekane jambo la kweli, kaka akimwoza dada. Labda. Nimelifikiria sana swali lile, na sijui.

"Kamba iliyo shingoni mwako ndiyo mahari," alisema Alimasi, akacheka.

"Basi," alisema Nasoro. Akanyoosha mkono, Alimasi akaushika, na Nasoro akasema maneno yote kama yanavyosemwa, bila kukwama mahali: nimekuoza dada yangu, Chausiku binti Amuri. Sauti haikutetemeka. Siku ile ya harusi yao wenyewe alikuwa amekwama mara mbili, watu wakamtania.

Alimasi akafungua kinywa akubali. Feruzi akamzuia kwa mkono.

"Bado, bwana shaushi. Mwali huozwa kwa kunyamaza. Mjane haozwi hivyo. Sharti aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ameridhia, na mashahidi wasikie. Bila hivyo ndoa si ndoa." Akamgeukia Chausiku, na machozi yalikuwa yanamlengalenga mzee yule. "Mwanangu, sema. Lolote utakalosema, nitalishuhudia."

Wale watu arobaini na mmoja waliobaki kwenye kamba walikuwa wanatazama, na wengi wao walikuwa wa mtaa uleule, walijua, na hakuna aliyekohoa. Nasoro alikuwa anatazama magoti yake. Chausiku alimngoja ainue macho. Alimngoja kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Angeinua macho mara moja tu, angesema ndiyo, aliapa baadaye kwamba angesema ndiyo na kwenda na yule shaushi na kuvumilia. Nasoro hakuinua macho.

"Sikuridhia," alisema Chausiku. "Mimi si mjane. Baba yangu ni Mustafa, si Amuri. Nina mume, na mume wangu ndiye huyu aliyeniozesha sasa hivi. Mwalimu ndiye aliyetufungisha ndoa, miaka sita sasa."

"Chausiku!" alisema Nasoro. Hapo ndipo alipomtazama.

Alimasi aligeuza shingo kwa imamu. Feruzi akasema, "Ni kweli."

Shaushi hakumpiga mtu. Alisimama, akakung'uta suruali yake, na usoni alionekana kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Alizitoa hati mbili mfukoni, akaziangalia, akazirudisha. "Hizi zitakwenda kwa bwana mkubwa," alisema. "Hisa ya mtu aliyeidanganya serikali si hisa tena. Mwondoeni mwanamke." Kisha akamshika Nasoro kwa ile kamba akampeleka mwenyewe mahali pake, wa tatu, akafunga fundo, akampa mzigo wa risasi badala ya mzigo wa unga.

Waliondoka alasiri. Nisiwangojeshe bure: katika wale arobaini na wawili walirudi tisa, na Nasoro hakuwamo. Alidumu njiani siku kumi na saba tu. Chausiku alisimama kando ya njia mpaka mtu wa mwisho akapita, na Nasoro alipopita alikuwa anatazama kisigino cha mtu wa mbele yake, kwa sababu ndivyo mtu anavyotembea na mzigo kichwani na kamba shingoni.

Akaenda nyumbani. Biasha alikuwa amepika. Alikuwa amefagia ua, amewavika watoto nguo safi, maana mtu alimpitishia habari mchana kwamba mama mdogo amerudi na hati amezipata. Alimwona Chausiku anaingia peke yake, akatazama nyuma yake, njiani.

Chausiku alimweleza yote. Hakuficha la shaushi, wala la mahari, wala alilosema yeye. La watoto wanne tu alilipita.

Biasha alisikiliza amesimama, mwiko mkononi. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Ungesema umeridhia, angekuwa hapa?"

"Angekuwa hapa."

"Sasa hivi? Angekuwa amekaa pale?"

"Ndiyo, Mama Maneno."

Biasha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei. Akawaita wanawe waingie ndani, mmoja mmoja kwa majina yao, Maneno, Kadidja, Wema, na yule mdogo akambeba. Akafunga mlango, na Chausiku akasikia komeo likipita.